Nukta ya Nne

Fundi cherehani huyu wateja walimpachika jina la Mama Vifungo, na usidhani ni kwa kumsifu. Ilikuwa ni kwa ukorofi wake. Ukimpelekea shati ambalo kifungo kimoja kimepishana na wenzake kwa upana wa uzi, atalitazama shati, atakutazama wewe, halafu atakuuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikufanyia hivi?" Utadhani umepigwa. Kwake kifungo kilichotoka kwenye mstari kilikuwa dhambi, na hakuna mteja aliyeondoka kwake na dhambi hiyo kifuani.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na mashine ya kutarizi iliyoungwa kwenye kompyuta kuukuu. Kompyuta hiyo ukiiwasha asubuhi unapata nafasi ya kuchemsha chai na kuinywa kabla haijakuonyesha kitu. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti kikubwa chenye mikono ya mbao, na kitini alikaa baba yake.

Baba huyo alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini kasoro, na kila jioni alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda. Wenzake walimwita Mzee Solo hata kabla hajawa mzee. Kiwanda kilipofungwa, vyombo vya bendi vilifungiwa ghalani pamoja na mashine, maana vilikuwa mali ya kiwanda, na hakuna aliyeviona tena. Tangu siku hiyo mzee hakugusa gitaa. Ukimletea la kwako analipokea kwa heshima, analisifu, kisha anakurudishia. "Gitaa la mtu ni kama mswaki," alikuwa akisema.

Lakini vidole havikuacha. Miaka yote hiyo vidole vya mkono wake wa kushoto viliendelea kupiga kwenye mkono wa kiti, wimbo baada ya wimbo, bila sauti, mpaka rangi ya mbao ikatoka. Kisha kiharusi kikaja, na katika mwili mzima kikachagua mkono huohuo. Maneno nayo yaliondoka, yakaanza kurudi machache machache, kama maji ya bomba siku ya mgawo. Siku mzee alipovitazama vidole vyake vimelala na havisikii amri, alilia mbele ya binti yake, na binti alikuwa hajawahi kumwona akilia.

Mama Vifungo akakata shauri siku hiyohiyo. Nyimbo ziko kichwani, na vidole havizitoi tena. Basi atazitoa yeye.

Yeye, jamani! Sikio la muziki alinyimwa tangu tumboni. Akiimba, hata jirani aliyempenda alifunga dirisha. Lakini alikuwa na mteja mmoja, mwalimu wa muziki, ambaye alimwekea kwenye kompyuta programu ya gitaa na kumwelekeza kidogo. Programu hiyo ilichora shingo ya gitaa imelala upande wa chini wa kioo cha kompyuta, nyuzi sita, na vichuma vinavyoikatiza na kuigawa vyumba vyumba. Ukibofya chumba, sauti inatoka na noti inaandikwa. Baadhi ya vyumba vilikuwa na nukta nyeupe za kumwonyesha mpigaji mahali alipo, moja hapa, moja pale, mpaka unafika kwenye nukta mbili zilizokaa pamoja. Hizo mbili mzee aliziita "macho mawili".

Mzee hakuwahi kusoma noti maishani mwake, na wala vyumba hakuvihesabu. Alichojua ni nukta. Basi alifumba macho akasema polepole, "Uzi wa pili. Nukta ya kwanza. Nyuma yake kimoja. Nukta ya tatu." Binti akabofya. Kazi ilikuwa ya kuokota mchele uliomwagika, punje kwa punje, katikati ya sare za shule na mapazia ya watu. Wimbo wa kwanza waliouanza ulikuwa *Zamu ya Jioni*, ambao mzee aliutunga mwenyewe na bendi iliupiga langoni wakati wafanyakazi wanapokezana.

Hapo ndipo kaka mkubwa alipoingia.

Kaka alikuwa msimamizi wa ghala katika mji mwingine, mtu wa kuamka mapema na kalamu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alimpenda baba yake. Ila alikuwa na ugonjwa wa wazaliwa wa kwanza, wa kuuliza swali akiwa na jibu tayari mkononi. Alikuja kumjulia mzee hali, akamsikia akimwita dada mtu kwa jina la marehemu mama yao, tena mara mbili, akasema imetosha.

"Mzee kachanganyikiwa," alisema. "Wewe una kazi, huwezi kumwangalia. Kwangu kuna chumba, na wifi yako yuko nyumbani siku nzima. Nitamchukua."

"Baba hataki kuondoka hapa. Hapa ndipo alipoishi na mama."

"Mtu ambaye akili zimemruka hajui anachotaka, mdogo wangu."

Walimjadili hivyo mzee mbele ya mzee mwenyewe, kama watu wanaopanga pa kuweka kabati. Na mzee, kila akitafuta neno, walikuwa wameshapita mbele maneno ishirini.

Basi Mama Vifungo akafanya kosa. Kwa hasira akasema, "Akili anazo timamu! Nyimbo zake zote anazo kichwani. Njoo usikie mwenyewe!" Akawasha kompyuta, na kwa bahati mbaya siku hiyo iliwaka upesi.

*Zamu ya Jioni* ilianza vizuri. Kaka alitabasamu, maana wimbo huo aliujua tangu angali mtoto, enzi ambazo baba aliruhusiwa kuja na gitaa nyumbani mwisho wa wiki. Kilichofuata ni kipande cha kati, kile kinachopanda, ambacho baba alikiita "mashine zinawaka". Utotoni kaka alikipiga mluzi kutwa nzima mpaka mama akamtishia mwiko. Kompyuta ilipofika hapo wimbo ukaanguka. Sauti zilipishana kama watu waliovaa viatu vya wenzao.

"Siyo," alisema mzee.

"Siyo wapi, baba?"

"Hapo."

"Hapo ulisema nukta ya nne."

"Nukta ya nne."

"Ndiyo niliyobofya, baba. Nukta ya nne, hii hapa."

"Siyo," alisema mzee, na jasho likaanza kumtoka.

Kaka hakucheka. Afadhali angecheka. Alimshika baba yake bega kwa huruma, akamwambia dada yake chinichini, "Umeona? Hata wimbo wake mwenyewe. Jumapili ijayo nakuja na gari." Akaondoka. Mama Vifungo alibaki amesimama, akijua kwamba kisu kakitoa yeye na kuku kamshikilia yeye.

Wiki ikaanza. Jumatatu walirudia kipande kile kuanzia mwanzo, na nukta ya nne ikabaki nukta ya nne, na sauti ikabaki mbovu. Jumanne binti alijaribu kusogeza noti moja mbele, moja nyuma, kwa kubahatisha. Lakini kipande kizima, noti thelathini na nane, kilizunguka nukta hiyo: nukta ya nne, nyuma yake kimoja, nukta ya nne tena, macho mawili, rudi. Ukisogeza moja, zilizobaki zinaendelea kulia ovyo, na mzee anatikisa kichwa. Jumatano alimpigia simu mwalimu wa muziki. Mwalimu akamwambia gitaa lilivyochorwa pale ndivyo magitaa yote aliyowahi kuyashika yalivyo, na kompyuta haina sababu ya kudanganya. Alisema kwa upole, akaongeza kwamba ugonjwa ule humla mtu kumbukumbu. Huyo naye!

Alhamisi, binti akiwa anakata kitambaa, mzee alisema kutoka kitini, "Acha."

"Niache nini, baba?"

"Wimbo. Kaka yako... kweli. Kichwa kimekwisha."

Binti akaweka mkasi mezani. "Baba, akili ni nywele, kila mtu ana zake."

Mzee akapapasa kipara chake kwa mkono uliobaki mzima. "Mimi... unaona mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Ila mzee aliacha kucheka mapema, na macho yakamlowa, akageukia dirishani.

Binti alirudi kwenye kitambaa lakini hakukata. Alikuwa na hasira ya kutosha nyumba mbili. Alimkasirikia kaka, mwalimu, kompyuta na kiharusi, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana jana yake, baada ya ile simu, kulikuwa na dakika nzima ambayo naye aliamini kwamba mzee kapotea. Dakika hiyo ilimuuma. Akapiga moyo konde, akaanza kuwaza kama fundi. Mtu aliyechanganyikiwa hukosea kila siku mahali papya. Huyu anakosea palepale, kwa maneno yaleyale, mara arobaini mfululizo. Mtu wa namna hiyo hajasahau, ila sisi ndio hatujamwelewa. "Sikubali," alisema, akiiambia meza.

Ijumaa asubuhi alikuwa na mashati ya sare kumi na mawili ya kuweka vifungo. Alilaza la kwanza, akaanza kutia alama kwa chaki, moja, mbili, tatu. Akanyanyua macho kupumzisha shingo, na macho yakaangukia pale yalipokuwa yakiangukia kila siku, kwenye picha ya bendi iliyoning'inia juu ya cherehani. Wanaume kumi mbele ya lango la kiwanda, baba katikati, kijana, mwembamba, gitaa kalisimamisha mbele yake kama anayemtambulisha mgeni.

"Kifungo cha nne kimekosewa," alisema Mama Vifungo, kwa mazoea tu, kama anavyosema kwa mashati.

Chaki ikamdondoka.

Aliiangua picha ukutani, akafuta vumbi kwa upindo wa gauni, akavuta futi ya kupimia shingoni mwake. Kwenye picha, nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu zilifuatana kwa mwendo wa karibu sawa. Baada ya hapo ikaja hatua ndefu, na nukta ya nne ikawa imejibanza karibu kabisa na macho mawili. Akakimbilia kompyuta. Pale kwenye kioo nukta ya nne ilikuwa jirani wa ya tatu, na macho mawili yako mbali. Akapima tena picha. Akapima tena kioo. Kumbe tofauti ni chumba kimoja tu! Kompyuta iliweka nukta ya nne kwenye chumba cha tisa, na kwenye gitaa la baba ilikuwa chumba cha kumi.

"Baba!" Alimpigia magoti kitini na picha mikononi. "Hizi nukta nani aliziweka?"

Mzee aliipokea picha, akaitazama kwa muda mrefu. "Seremala," alisema. "Wa kiwanda. Shingo ilipasuka. Akaweka... ubao mpya."

"Na nukta?"

"Vifungo. Vya shati." Na midomo yake ikaanza kucheka kabla ya sauti. "Kutoka... kwa washonaji."

Habari ilitoka kwa vipande, na ilichukua nusu saa, lakini ilitoka yote. Seremala yule vichuma alivinakili vizuri kutoka ubao wa zamani, kila kimoja mahali pake, kwa hiyo sauti zilikuwa sawasawa. Ila nukta aliziona pambo. Yeye alikuwa mtu wa milango na makabati, gitaa hakujua linaanzia wapi. Alipofika ya nne akaona haikukaa vizuri, akaisogeza.

"Na nyinyi mkamwachia tu?"

"Ilipendeza," alisema mzee.

Loo! Mama Vifungo alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia kidogo, kisha akainuka, maana Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Mwalimu alimfundisha kuandika na kusikiliza, hakumfundisha kubadili kitu. Ikabidi afungue mipangilio ya programu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nusu ya maneno hayajui. Ukurasa wa kwanza uligeuza shingo juu chini. Wa pili ulimwachia nyuzi nne badala ya sita. Wa tatu uligeuza ubao mzima rangi ya waridi, na mzee, aliyekuwa amesogezewa kiti karibu, akasema neno moja ambalo hata kiharusi hakikuweza kulichukua, nami sitaliandika hapa. Kila alipoharibu alirudisha, akafungua ukurasa mwingine. Wateja wawili walibisha hodi wakaambiwa warudi Jumatatu. Mashati ya sare yalibaki yamelala, la kwanza na chaki zake tatu.

Karibu saa saba mchana akaupata. Ulikuwa mstari wa namba za vyumba, kila namba na kisanduku chake, na vingine vimetiwa tiki: tatu, tano, saba, tisa, na kumi na mbili yenye tiki mbili. Chini yake kulikuwa na nafasi ya kuchagua umbo la nukta na rangi. Akaondoa tiki kwenye tisa. Akaiweka kwenye kumi. Akachagua duara, nyeupe iliyofifia kidogo, kama kifungo cha shati kilichofuliwa mara nyingi. Akabonyeza pa kukubali.

Sasa tusidanganyane, nukta ni pambo tu. Ukiihamisha, sauti haibadiliki hata chembe, na noti ulizokwisha andika hazitoki zilipo. Lakini pambo hilo ndilo lililokuwa ramani ya mzee. Shingo ilipochorwa upya kwenye kioo, mzee aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kugusa. Akanyoosha mkono wa kulia, akaweka kidole juu ya nukta ya nne, taratibu.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye."

Binti alizifuta noti zote thelathini na nane. Ilikuwa kazi ya wiki nzima. "Haya, baba. Tuanze upya. Mashine zinawaka."

Mzee akafumba macho. "Uzi wa kwanza. Nukta ya nne. Nyuma yake kimoja. Nukta ya nne..."

Jumamosi jioni, kabla hata taa hazijawashwa, walimaliza. Binti akaupiga wimbo kuanzia mwanzo. Ulipofika katikati alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akamtazama baba yake mdomoni akisubiri lile neno. Neno halikuja. Mkono wa kulia wa mzee, ambao maishani mwake ulikuwa wa kukung'uta nyuzi tu, ulikuwa ukifuata wimbo kwenye mkono wa kiti, kidole baada ya kidole.

Jumapili saa nne asubuhi kaka alifika na gari na begi kubwa tupu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, unaweza kuuona ugomvi umekaa tayari kwenye shingo yake. Hakuukuta. Dada yake alimpa kigoda, akasema, "Kaa, kaka. Dakika tatu tu, halafu ufanye utakalo."

"Mdogo wangu, haya mambo tulishayamaliza."

"Wewe ulishayamaliza. Kaa."

Akakaa, begi magotini. Wimbo ukaanza. Kaka alitazama saa, akatazama sakafu, uso wa mtu anayesubiri kitu kianguke ili aseme pole. Kipande cha kati kikafika. Kikapanda. Kikaendelea kupanda, safi, mashine moja, mashine ya pili, ukumbi mzima. Na kaka mkubwa, msimamizi wa ghala, mwenye kalamu mfukoni, alijikuta anapiga mluzi. Alifuata wimbo noti kwa noti, na hakujijua mpaka wimbo ulipokwisha na mluzi wake ukabaki peke yake chumbani. Akaufyata, akajifuta macho kwa kiganja kama mtoto.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa mwenyewe." Binti akamwekea picha mikononi, akamwonyesha nukta, akamwonyesha kioo, akamweleza habari ya seremala na vifungo. "Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, kaka. Alisema nukta ya nne, na ilikuwa nukta ya nne. Sisi ndio tulimpa gitaa la mtu mwingine, halafu tukasema kachanganyikiwa."

Kaka alifungua mdomo. Lakini mzee aliinua mkono wa kulia, na safari hii wote wawili wakanyamaza, wakangoja. Ilichukua muda. Hakuna aliyemsaidia neno.

"Niulize," alisema mzee.

"Nikuulize nini, baba?"

"Pa kukaa."

Kaka alilitazama lile begi. Alimtazama dada yake, ambaye hakumsaidia chochote. Akaliweka begi chini, akasogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya baba yake.

"Baba," alisema, "unataka kukaa wapi?"

"Hapa," alisema mzee. Kisha akageuza kidole kuelekea kompyuta. "Zimebaki... nyimbo kumi na moja."